Siku Nilipopimwa kwa Mizani ya Majani Chai

Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, maana Bot Kiprono (yaani mama yake Kiprono, jirani yangu, tumegawana ua na siri nyingi) ameshayasimulia kanisani, sokoni na kwenye matanga mawili, na kila akiyasimulia mimi nazidi kuwa mzito. Juzi nilisikia nimefika kilo mia na kumi. Uongo! Zilikuwa themanini na saba, karani aliandika kwa kitabu, na hiyo aibu inanitosha vile ilivyo bila mtu kuniongezea.

Mimi niliishia darasa la nne. Lakini mjukuu wangu Chelangat anasoma digrii ya pili chuo kikuu, na kama hukuniuliza habari zake usijali, nitakuambia tu. Huku kwetu Konoin, nyuma ya zizi, niko na mfuko wa baiogesi. Ni mfuko mrefu wa plastiki nene nyeusi, umelala ndani ya mtaro kama nguruwe aliyeshiba. Upande mmoja unatia mavi ya ng'ombe na maji, ndani yanachacha, gesi inapanda, mfuko unafura, halafu gesi inapita kwa bomba hadi jikoni unapika. Sasa Chelangat ameuchukua huo mfuko akauweka ndani ya kompyuta. Si picha. Mfuko wenyewe, na mavi yake.

Siku moja alinikalisha akanionyesha. Mfuko wa kompyuta ameukatakata vipande vidogo vya pembe tatu, na ule uji wa mavi pia ameukata, kisha anavifanya visukumane. Uji unasukuma mfuko, mfuko unavutika, ukivutika uji unapata nafasi unakimbilia huko, unasukuma tena, mfuko nao unajibu. Mahali palipotulia ni bluu, mahali panapovutwa sana ni nyekundu.

"Shida, Kogo," akaniambia (Kogo ni bibi kwa Kikwetu), "huwezi kupigia hesabu mmoja peke yake. Lazima uwaulize wote wawili, tena na tena, mpaka wakubaliane."

Nikamwambia hiyo si kompyuta, hiyo ni ndoa. Nililala na babu yake miaka arobaini kwa kitanda kimoja cha springi zilizochoka: yeye akigeuka kitanda kinazama, kikizama mimi nabingirika, nikibingirika yeye anageuka tena, na hakuna anayelala mpaka wote watatu tukubaliane. Chelangat alicheka mpaka akashika mbavu. "Kogo, umeelewa kuliko watu wa darasa letu." (Hayo maneno muyaweke, mtayahitaji kunitetea.)

Kompyuta yake ilisema hivi: mfuko huo utakaa miaka mingi bila shida, na ukichoka, utachoka kwanza mdomoni, pale bomba limefungwa. Ubavuni ni bluu tupu, salama kabisa. Na Alhamisi moja ya Julai mwalimu wake, Daktari Nyabuto, mtu wa upande wa Kisii, alikuwa anakuja na wenzake wawili kuupima mfuko wa kweli waone kama unafanya vile kompyuta inasema. Yakilingana, Daktari anatia sahihi na Chelangat anamaliza. Yakikataa, anaanza upya, mwaka mzima unapotea. Na mimi nilikuwa nimeshatangazia kila mtu kwamba anamaliza Desemba, hata fahali wa sherehe nilikuwa nimemchagua.

Asubuhi hiyo, kabla hajapanda barabarani kuwangoja wageni, Chelangat alinishika mikono yote miwili. "Kogo, naomba kitu kimoja tu. Usiguse mfuko."

"Niuguse nikifanya nini? Mimi ni mtoto?"

Akaenda. Nami nikavaa sare yangu ya kikundi cha akina mama kanisani, kitambaa cheupe kichwani, nikaingia jikoni kuwasha gesi nitengeneze chai. Moto ukatoka mdogo kama ulimi wa paka. Mnajua baridi ya Julai huku kwetu, hata mavi yanakataa kufanya kazi. Bot Kiprono, aliyekuja kunisaidia, akaangalia sufuria akasema, "Washa kuni tu, mama."

Niwashe kuni! Daktari anakuja kuona mfuko wa baiogesi, halafu akifika kwa lango anaona moshi umetoka jikoni kwangu? Moshi ungenisema mbele ya wageni. Na mgeni kuondoka kwangu bila chai ndiyo kabisa haiwezekani. Nikasema chai hii itaiva kwa gesi ya mfuko huu, wapende wasipende, na Mungu ananisikia.

Nikazunguka nyuma ya zizi, nikaubonyeza mfuko kwa mikono kidogo tu, kama unavyokamua ng'ombe.

"Umepanda!" Bot Kiprono akaita kutoka jikoni.

Nikaachilia.

"Umelala!"

Nikabonyeza tena mpaka mikono ikafa ganzi (nina miaka sabini na mbili, nimechuma chai tangu nikiwa msichana, hii mikono haina deni na mtu). Ndipo nikawaza kwamba Mungu hakuniwekea uzito mikononi. Aliuweka pahali pengine. Nikageuka, nikakunja sare vizuri, nikakaa.

Wee! Ulikuwa mtamu! Ulinipokea kama kiti cha gavana. Huko jikoni Bot Kiprono anapiga kelele, "Unawaka kama taa ya kanisa! Kaa hapo hapo!" Nikakaa. Maji yakachemka, akatia majani, akatia maziwa, lakini maziwa yakaupoza moto, akaita kwamba unashuka. Basi nikajiinua kidogo nikajiachilia. Ukapanda. Nikajiinua tena. Na ukiwa umekaa kitu kinachokurusha namna hiyo, utanyamazaje? Nikaanza wimbo wetu wa kikundi, ule wa kurukaruka, Bot Kiprono akaitikia akipiga makofi na mwiko, na chini yangu nasikia ule uji unakwenda huku, unarudi huku, unanibeba kama mtoto mgongoni.

Mfuko haukulia "paa!" kama tairi. Uliguna kama ng'ombe anayezaa, ubavu ukafunguka, nami nikashuka polepole, nikiwa bado naimba, mpaka kifuani.

Wakati huo huo lango likafunguka. Daktari Nyabuto alikuwa amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Nilivitazama vikiacha kung'aa, maana uji ulivifuata njiani kama unavijua. Nyuma yake Chelangat, mkono mdomoni.

Hapo ningesema ukweli, ingekuwa aibu ya dakika mbili. Lakini mtu akiwa ndani ya mavi mpaka kifuani, mbele ya wasomi watatu, heshima kidogo iliyobaki anaishika kwa meno. "Karibuni," nikasema. "Nilikuwa napita hapa, mfuko ukapasuka wenyewe, nikateleza nikaingia." Bot Kiprono akatokea na mwiko, akafungua mdomo. Nikamkata jicho. Akaufunga.

Wakanivuta, nikaoga maji madebe matatu. Na nikiwa chumbani navaa, nikasikia dirishani sauti ya Daktari, ya upole, hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Pole sana, Chelangat. Lakini mfuko umepasuka ubavuni, bila kuguswa na mtu, na kompyuta yako inasema ubavuni ndiko salama. Siwezi kutia sahihi kwa hesabu kama hiyo."

Chelangat hakulia. Alisema tu, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ndogo, na mimi niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa naijua hiyo sauti. Ni sauti ya mtu anayeangusha mzigo kwa sababu hana nguvu ya kuubishania.

Nikafunga kitambaa kingine kichwani, nikatoka.

"Daktari, hesabu ya mtoto haina makosa. Nilikuwa nimeukalia."

"Umekalia nini, mama?"

"Mfuko. Kwa makalio."

"Kogo!" Chelangat akasema. Wale wenzake wawili wa Daktari wakaanza kuangalia milima.

Lakini Daktari hakucheka. Alifikiri, akasema kama kweli kulikuwa na mzigo juu ya mfuko, basi mzigo huo uingizwe kwa kompyuta, tuone itasema nini. "Uko na kilo ngapi, mama?"

"Sijui, mwanangu. Mimi si maziwa, sipelekwi kupimwa kila asubuhi."

Zahanati iko mbali, na Daktari alikuwa na safari ya kurudi mchana huo. Ng'ambo ya barabara, lakini, kuna banda la kununulia majani chai, na Alhamisi ni siku yetu ya kuchuma, kwa hivyo mizani ilikuwa imening'inia na wakulima kama arobaini wanangoja lori. Chelangat aliona ninakotazama. "Kogo, si lazima."

"Ni lazima," nikamwambia. "Twende."

Walifunga ubao kwa kamba kwenye ile ndoano ya kuning'inizia magunia, nikakaa, wanaume wawili wakavuta, nikapaa. Halafu mzee mmoja akasema, "Karani, hii irudishe! Si majani mawili na chipukizi kama sheria ya kuchuma, hiki ni kichaka kizima!" Banda likalipuka. Karani naye, kwa mazoea, akasoma mizani akatoa kilo mbili za gunia na maji kama anavyotufanyia siku zote, Chelangat akaruka, "Usimtolee kitu! Nataka uzito kamili!" Mwanamke mmoja nyuma akajibu, "Na maji mtolee tu, nywele bado zimelowa!" Nami ninazunguka pale juu, polepole, nawaona wote mmoja mmoja, watu niliokuwa nimewaalika sherehe ya Desemba. Wakatoa uzito wa ubao peke yake. Themanini na saba. Karani akaandika.

Tukarudi, na nusu ya banda ikatufuata. Chelangat akafungua kompyuta. Ile hesabu kubwa huchukua siku mbili, lakini yuko na ndogo ya haraka, akaniweka huko ndani kama duara, mahali pale nilipokaa. Tukangoja tukinywa chai ya Bot Kiprono, aliyoimalizia kwa kuni, na moshi ukatoka kama umetukanwa. Kisha mfuko wa kompyuta ukabonyea chini yangu, ukawa kijani, ukawa manjano kidogo, ukatulia. Haukupasuka.

Daktari akavua miwani. "Kwa kukaliwa tu, kompyuta inasema mfuko ungehimili. Sasa tuko pale pale."

Chelangat alinigeukia. Hakupaza sauti. "Kogo. Ulikaa tu?"

Mimi nimedanganya wazee, nimedanganya chifu, nimemdanganya hata mchungaji kidogo. Sijawahi kushikwa na mashine ambayo haikunitazama hata mara moja. Ilijua kuna kitu sijasema! Nikaangalia chini. Nikaangalia juu. Huko juu hakukuwa na msaada.

"Nilikuwa naruka," nikasema.

"Na akiimba," Bot Kiprono akaongeza, maana alikuwa ameshikilia hayo maneno tangu asubuhi mpaka yanamuuma. "Alikuwa anaruka mpaka sufuria inacheza!"

Chelangat akachukua simu ya kuhesabu sekunde. "Kwa mwendo gani? Lazima nijue, Kogo. Uji ukirushwa kwa mwendo wake wenyewe, wimbi linakua, kama kusukuma bembea."

Basi bibi yenu nikakaa kwa benchi la nje, mbele ya Daktari na karani na wakulima wa chai, Bot Kiprono akapiga makofi, nami nikaimba, nikaruka. Sikuruka nusu. Nilisema kama ni aibu, leo nitaimaliza yote, isibaki ya kesho. Niliruka beti mbili na kiitikio, Chelangat akihesabu midomo ikimtetemeka, na sijui mpaka leo kama alikuwa analia au anacheka.

Akaandika, akabonyeza, tukangoja tena. Safari hii tuliliona wimbi. Uji ulikwenda huku, ukarudi huku, kila mara ukipanda zaidi, mfuko ukivutika nao, na ile nyekundu ikatoka mdomoni ikatembea, ikatembea, ikafika ubavuni ikasimama. Pale pale. Daktari akainuka, akaenda nyuma ya zizi na viatu vyake vilivyokwisha haribika, akapima kwa hatua kutoka mdomo wa mfuko hadi palipopasuka. Akarudi.

"Chelangat," akasema, "ongeza sura moja inayoeleza watu wanavyoutumia mfuko kweli. Halafu niletee nitie sahihi."

Alimaliza Desemba. Fahali tulimla. Mfuko mwingine nimenunua, na uzio wa mbao kuuzunguka nimeujenga mimi, kwa mikono hii. Kwa kitabu chake kuna ukurasa wenye ule mfuko, na juu yake duara, na chini ya duara wekundu. Jina langu halipo, wameandika "mzigo" tu. Chelangat anasema hiyo ndiyo picha watu wanayoiuliza kuliko zote.

Nimejifunza kwamba mtu akikuambia usiguse, hata kukalia ni kugusa. Sitaukalia tena mfuko wowote mpaka Mungu aniite. Na nikiukalia, kwa vile najijua, nitasema mara ya kwanza nikiulizwa, na nitasema pia kama nilikuwa naimba.