Nilivyomuita mkulima mmoja kutoka kwenye XML, ukaja mlima mzima

Wakuu, shimboni.

Kama kuna neno la uongo humu, ninyimwe mbege, pombe yetu ya ndizi, msimu mzima.

Hii ni miaka ya elfu mbili mwanzoni. Naishi Pasua, Moshi mjini, nimetoka kusoma Java ya kuandikia programu, kichwa kimevimba. Shangazi yangu Manka, mkulima wa kahawa kule Old Moshi, akanitafutia kazi kwenye chama chao cha wakulima. Akawaambia wazee, "Huyu ni wangu, namdhamini mimi."

Ukidhaminiwa na shangazi wa Kichagga, unajua mwenyewe. Ukiharibu, jina linaloharibika ni lake, na atakukumbusha kila Krismasi.

Daftari la wanachama lilikuwa limeshachapwa kwenye faili moja kubwa la XML. Mimi niandike programu ya kulisoma na kumgeuza kila mkulima kuwa object, yaani mkulima wa ndani ya kompyuta, ili Jumamosi kwenye mkutano mkuu watu waitwe kwa kompyuta. Ikishindikana, katibu alishasema wanarudi kwenye counter book, na mimi narudi Pasua.

Sasa, mlimani nusu ya watu wana jina moja la ukoo. Wazee wakataka kila mtu atambulike kwa kihamba chake, lile shamba la ukoo, na kihamba kitambulike kwa jirani mliyepakana naye, pale tunapopanda masale, mimea ya kuonyesha mpaka.

Nikatii kupita kiasi. Nikimuumba mkulima, namuumbia na jirani zake wazima wazima, na kahawa, migomba na ng'ombe wao. Jirani naye anakuja na jirani zake.

Nikajaribu na watu watano wasiopakana, ikapita. Nikaringa wiki nzima.

Alhamisi nikaweka faili lote. Kompyuta ikanguruma, kioo kikaganda. Nikaenda kula mtori, narudi, bado. Mwisho ikasema memory imeisha. Nikamwambia katibu tununue RAM. Akatoa counter book kabatini.

Nikafuatilia. Kumbe nikimuita shangazi, anakuja na jirani yake Baba Elifuraha (hawasalimiani, kisa masale yaliyohama hatua mbili). Huyo analeta wake, programu inapanda hadi mpaka wa msitu, inashuka upande wa pili na kumuumba shangazi upya.

Nilikuwa na mashangazi lukuki kwenye RAM ya MB 256. Mmoja tu ananitosha jamani.

Ijumaa nimenuna, shangazi anataka kuchinja mbuzi. Akanituma nikamuite mchinjaji, mtu mmoja. Nikarudi na watu kumi na wanne, kila mmoja kamfuata jirani yake. Kisusio, ile supu ya damu, hakikutosha.

Shangazi akafoka, "Nilikutuma mtu mmoja! Hao wengine majina yao ninayo, nikiwataka si nitawaita?"

Nikaacha bakuli pale pale, nikakimbilia kompyuta.

Nikabadilisha kila kitu. Programu inasoma mkulima mmoja, inamuumba, inamhifadhi kwenye database, inamwachia atoke kwenye RAM, ndipo inamfuata mwingine. Jirani nikamwekea jina na namba ya uanachama, basi. Faili zima likaisha chai haijapoa. Nilitaka kulia.

Jumamosi katibu akaandika jina la shangazi kwenye kompyuta. Akatokea hapo hapo. Shangazi akavaa miwani, akasogea kwenye kioo, wazee wote wanatazama.

"Mbona Baba Elifuraha hana migomba wala ng'ombe?"

Nikamjibu, "Shangazi, kwako wewe huyo ni jina tu."

Akavua miwani. Kisha akawageukia wazee, taratibu kabisa.

"Huyu mtoto amesoma."

Basi wakuu, kabla hujalilia RAM, angalia kwanza umeita watu wangapi. Na wewe uliyewahi kupakia faili zima kwa mkupuo, shuka hapa chini utuambie uliumba mashangazi wangapi. Hatucheki. Tutacheka kidogo.