Kumwosha Mama Siku ya Ijumaa

Nina kovu juu ya jicho la kushoto. Nikiulizwa, husema niliteleza chooni. Ukweli ni kwamba mamangu alinipiga kwa kata ya kuogea, miaka ile ya sitini, nyumbani kwetu Amu, kisiwani Lamu.

Akili ilikuwa imeanza kumpotea, na macho yake yameingia ukungu. Siku zote alikaa kimya akisuka ukili wa mikeka kwa kupapasa. Lakini kila Ijumaa asubuhi, nikitaka kumwosha, alinirukia kwa kofi, kucha na meno. Nilimlaza kitandani katika nyumba ya kati, chumba chetu cha ndani kabisa, nikamkamata mikono na kummiminia maji kuanzia upande wa kulia. Siku aliponipasua, kaka yangu alileta kamba akaitundika mlangoni.

"Ijumaa ijayo akikuumiza tena, tutamfunga."

Jirani yetu, mke wa askari kutoka bara, alisikia kelele za siku hiyo akapiga hodi. Aliwahi kufanya kazi hospitali. Alivua viatu, akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, tuanze na mikono au uso?"

Mama alikunja ngumi. Mgeni akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Hakumgusa. Baada ya kitambo wakatoka pamoja hadi uani, mama akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akajimwagia maji mwenyewe huku anacheka.

Anacheka! Mimi, mwanawe wa pekee wa kike, nimesimama na kitambaa cha damu usoni, wivu unanichoma. Nilitamani, Mungu anisamehe, ampige yule mwanamke japo mara moja tu.

"Dada, usimlaze wala usimshike," aliniambia akitoka. "Muulize, kisha ungoje."

"Mamangu namjua mimi," nikamjibu, nikamfungia mlango.

Ijumaa iliyofuata sikumwita yule jirani. Kaka alikuwa amekaa barazani, na kamba ilikuwa pale pale. Kwa kuiogopa, nikachuchumaa uani na kumuiga yule mwanamke kila kitu, hata lafudhi yake ya bara.

"Mama, tuanze na mikono au uso?"

Mama akanipa mikono yote miwili. Nikamwosha taratibu mpaka miguuni, wala hakuninyanyulia hata kidole.

"Wewe wajua kuosha watu," akasema. "Yule binti yangu hunilaza nyumba ya kati akanitilia mayi kama maiti. Namwambia siyafa, ningali hai, hanisikii."

Nyumba ya kati ndimo tuoshewamo sote tukifa. Na mimi kuosha nilifunzwa na wanawake waosha maiti wa mtaani. Mtu mzima aliye hai sikuwahi kumwosha kabla ya mama.

Nilimsikia kaka akiitungua kamba.

"Usimwambie binti yangu," mama akanong'ona, akinipapasa shavu. "Ataona uchungu."

Nikamjibu kwa sauti ile ile ya bara, "Sitamwambia, Mama."