Dereva Mchagua Risasi

Metrine, mfanyakazi wa ndani huko mtaa wa Al-Naseem, Uarabuni, alijua kwamba dereva wao aliyejidai mwanajeshi mstaafu hajawahi kushika bunduki. Hata hivyo, kila Ijumaa jangwani, baba, yaani tajiri wao, alipolenga karatasi iliyo umbali wa hatua hamsini, dereva ndiye aliyemchagulia risasi. Alizipanga kwenye sinia la tende, akazinusa, akazitikisa sikioni moja moja, kisha akachukua iliyo ndogo kuliko zote.

“Hatua hamsini tu, baba! Kubwa ya nini? Mtu haendi kwa jirani na lori.”

Dereva angegundulika, angerudishwa kuchunga ngamia. Ijumaa moja baba akampa bunduki. “Yalla, leo piga wewe.”

Metrine akaacha kumimina kahawa. Dereva akafuta vidole kwa leso, taratibu, kimoja kimoja.

“Nikichagua mimi, nikapiga mimi, baba, wewe utafanya nini?”

Baba akafikiri sana, akamwomba radhi, akajilaza mchangani kupiga mwenyewe.