Laptop ya nguvu imeenda kwa Fiston

Leo nimesema aksanti huku roho inaniwaka.

Mnajua minye hupiga video za harusi hapa Uvira. Mashini yangu ilikufa katikati ya montaji, kazi ya kukata na kuunganisha video, na tonton, mjomba wangu, akaniambia: "Chagua laptop yenye unataka, nitakununulia."

Basi leo tukaenda dukani, minye, tonton na Fiston, kijana wake mkubwa.

Nyingi zilikuwa nzuri kwa macho tu. Lakini moja nyeusi nikaiwekea video ya harusi ya mtaani Songo, ile niliyoiachia katikati. Nikakata, nikaunganisha, nikaongeza muziki. Haikukwama hata kidogo! Nilikaribia kulia kwa furaha.

"Tonton, ni hii."

Akaiinua, akaipima mkononi.

"Hii iko nzito, binti yangu. Iko ya mwanaume. Weye chukua ile ndogo ya rangi ya waridi."

"Tonton, ile haiwezi kazi ya video."

"Utaizoea."

Halafu akamgeukia muuzaji: "Funga zote mbili. Nyeusi ni ya Fiston."

Muuzaji akaniangalia. Hapo ndipo niliposema aksanti.

Nyumbani nikafungua ile ya waridi, nikaiwekea video ileile. Bibi harusi amekwama mlangoni mwa kanisa, mguu mmoja juu. Mama yake ameshanipigia simu, anataka video.

Tonton naye akaniita: "Onyesha ndugu yako namna ile nyeusi inafanya kazi. Weye ndiye unaijua."

Nikaenda. Fiston akaniuliza kitu kimoja tu:

"Dada, mchezo wa mpira unawekwa wapi?"

Nimemuwekea.

Nyinyi mungefanya nini?