Juisi ya Ndizi kwenye Miamba Myekundu

Siku yangu ya kwanza kupandisha wageni kwenye miamba myekundu niliamka nikiimba. Tangu nimalize darasa la saba niliiota kazi hiyo: kutembea na watu, kuwaonyesha kwetu, kucheka nao njia nzima. Kiongozi wa matembezi, kaka mmoja anayeijua milima ya Kyerwa kama ua wa nyumba yake, alinipa jukumu moja tu.

"Dada, wewe shika chakula na vinywaji. Njia niachie mimi."

Kwetu mgeni hapewi maji matupu. Ukimpa maji matupu, ni kama umemwambia geuka urudi ulikotoka. Kwa hiyo jana yake mimi na mama tulikamua ndizi mbivu kwa majani, tukapata ile juisi tamu tunayoiita omuramba, nikajaza madumu mawili. Maji nilibeba chupa moja ndogo, ya kunawia mikono.

Wageni walikuwa wawili, bibi mmoja kutoka upande wa Kituntu na binti yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu. Wewe ndiye punda wetu leo?"

"Ndiye mimi bibi, na sipigi mateke."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Binti yake aliniuliza kama maji yapo. Nikamjibu, "Vinywaji vimejaa mama, ondoa shaka." Akaondoa shaka.

Njiani niliimba, na nilipopumzika bibi alinieleza kilichomleta. Alizaliwa ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, akavushwa akiwa mgongoni kwa mama yake. Mama yake alimwambia walitoka kwenye kilima chenye vichwa viwili, na kwamba ukisimama juu ya miamba hii unakiona. Miaka yote alikuwa na kulima, na watoto, na kahawa. Sasa macho yalikuwa yanafifia. Daktari alikuwa amemwambia asingoje mwaka mwingine kutazama anachotaka kutazama.

Ilikuwa kiangazi. Ukishaiacha migomba huko chini hakuna tena kivuli, ni mwamba juu ya mwamba, mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni, na nyasi zilizoungua katikati yake. Tulipumzika mara moja, tukanawa, tukala viazi. Ile chupa ndogo ikaishia hapo. Jua lilipopanda, madumu yalianza kuvimba mgongoni kwangu na nyuki wakanifuata. Kiongozi akasema nimepata wachumba. Wote tulicheka.

Saa sita, ikiwa imebaki kama nusu saa kufika juu, bibi alikaa chini. Midomo ilikuwa imemkauka. Nilimmiminia kikombe kilichojaa, nikakishika kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa.

Binti yake alikinusa. "Hii ni nini?"

"Omuramba, mama. Wa jana tu, safi kabisa."

"Mama ana kisukari. Lete maji."

Nilifungua begi. Nilijua halina maji, lakini nililifungua, nikatoa kanga, nikatoa sufuria, nikatoa maganda ya viazi. Nilikuwa natafuta kitu nilichokuwa na uhakika hakipo.

"Si ulisema vinywaji vimejaa?"

"Nilisema, mama."

Kiongozi hakunigombeza. Alimwaga juisi yote kwenye mwamba, akachukua madumu matupu, akashuka mbio kutafuta chemchemi. Juisi ikachemka povu pale juu ya jiwe, nyuki wakaiangukia, nasi tukahama kuwapisha.

Niliwashikia kanga wapate kivuli. Mikono ilipochoka nikasema nitambeba bibi mpaka juu, apumzikie huko akitazama kwao. Binti yake alikataa, bibi akasema, "Mwache ajaribu." Nilipiga hatua labda kumi. Kokoto zikateleza, goti langu likagonga jiwe.

"Nishushe, punda wangu," akaninong'oneza sikioni. "Utatuua wote."

Nikamshusha. Nililia, naye akanifuta machozi kwa kiganja kikavu kama gome, jambo lililonifanya nilie zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa na kiu.

"Bibi, nikimbie juu nikuangalizie? Nitakuja kukuelezea."

"Nimeelezewa maisha yangu yote, mjukuu. Nilitaka kuona."

Kiongozi alirudi jua likiwa limeshainama. Bibi alikunywa polepole, akanywa tena. Alijaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena. Aligeuza uso kule juu, kisha akamtazama kiongozi, naye kiongozi akatazama chini.

"Tunashuka, bibi. Samahani sana."

"Haya," alisema. Hilo tu.

Kiongozi alimbeba mpaka barabarani, bodaboda ikawachukua. Kabla haijaondoka nilipiga magoti kuomba msamaha. Binti yake alisema yamekwisha. Bibi alinishika kichwa, akaniambia nisiache kuimba.

Siku hizi napanda na maji mgongoni, dumu zima, hata wageni wakinitania. Asubuhi moja ukungu ulipotoka nilikiona kile kilima, vichwa viwili kabisa, wazi kama kimechorwa. Nikakipiga picha kwa simu. Nilipompigia binti yake kumwambia naituma, alisema, "Mama hatofautishi tena mchana na usiku, mdogo wangu."

Picha bado ninayo. Sijui nimtumie nani.