Pete ya Mama Emilie katika Banda la Karoti

Ukifika Kalemie ukamuulizia Mama Emilie wa karoti, usishangae ukipelekwa mahali pasipo na hata tuta moja la mboga. Karoti zake zilikuwa za mawe. Kulikuwa na mashine iliyotoboa mlima upande wa njia ya Bendera na kutoa vipande vya jiwe virefu, vya mviringo, na watu wa kazi hiyo wamevipa jina la karoti. Lori lilivileta mjini vikiwa vimepangwa katika masanduku, na bandani Mama Emilie ndiye aliyevipokea. Aliviosha, alivipasua katikati kwa msumeno, nusu moja aliitia katika mifuko ya kwenda maabara, nusu nyingine aliirudisha sandukuni. Ndivyo sheria ilivyokuwa, na katika banda lile sheria ilikuwa yeye.

Aliingia pale kama mpishi. Kabla ya hapo alianika ndagala, dagaa wa ziwa, ufukweni na mama yake, na aliyezoea kugeuza ndagala juani hana haraka ya kijinga. Ghislain, mjiolojia aliyetoka Lubumbashi, alimwona akija kuchungulia mawe kila alipomaliza vyombo, akaanza kumweleza. Zamani sana, alisema, maji ya moto yalipanda toka chini kwa kupitia nyufa za mlima. Yalipokaribia juu yakapoa, yakaacha jiwe jeupe lenye mistari, na ndani yake dhahabu na fedha laini ambayo jicho haliwezi kuiona. Ghislain ni mwalimu mwema, hachoki kurudia. Haikuchukua muda mwiko ukapata mtu mwingine, na Emilie akapewa msumeno.

Kwa kuwa dhahabu ile ni vumbi tu, pete ikikwaruza jiwe inatosha kuidanganya maabara. Hapo ndipo ukali wa mama huyu ulipojulikana mji mzima. Aliweka beseni mlangoni, na kila aliyeingia aliacha humo pete, mkufu, hereni. Samy wa mashine alinung'unika kila siku kuhusu mkufu wake, na kila siku aliuvua. Hata padri aliyekuja kubariki banda aliacha msalaba wake wa fedha katika beseni akabariki kwa mikono mitupu. Sijui ni wangapi wangethubutu kumwambia padri hivyo. Mimi nisingeweza.

Lakini nyumbani kwa Emilie kulikuwa na sheria nyingine. Mume wake, Alphonse, ni mvuvi wa ukoo uliotoka kaskazini ya ziwa, na mama mkwe alimwambia tangu siku ya ndoa: mke havui pete mume akiwa juu ya maji. Ukiivua, umeshamzika. Sheria hizo mbili hazikugombana hata mara moja, maana Alphonse alivua usiku na kurudi asubuhi. Emilie alisubiri mtumbwi uguse mchanga, akavua pete, akaifunga ndani ya kitambaa, akaenda kazini.

Halafu ukaja ule upepo. Alphonse alitoka jioni na asubuhi hakuonekana. Kesho yake pia hakuonekana. Mama mkwe alikaa kizingitini akiangalia kidole cha mkaza mwana wake. Na siku hiyohiyo lori likaleta karoti za shimo la mwisho, jiwe jeupe bovubovu linalovunjika ukilishika. Emilie aliingia bandani na pete yake. Alivaa glovu, ila zikalowa zikachanika, na kwa kuwa akili yake yote ilikuwa ziwani, aliitia ile nusu ya maabara mfukoni kwa mikono mitupu. Jioni Alphonse akarudi. Upepo ulikuwa umemsukuma hadi upande wa Moba. Furaha ikafuta kila kitu.

Majibu ya maabara yalipofika, Ghislain alikuja mbio na karatasi mkononi. Mashimo yote ya kwanza yalikuwa maskini, na wenye mradi walishasema kwamba la mwisho likiwa maskini pia, mashine inaondoka. Sasa mfuko mmoja wa shimo hilo ulikuwa na dhahabu ya kushangaza. Vijana walikumbatiana. Samy alicheza. Emilie alitaka kucheka nao, akatazama namba ya mfuko. Ulikuwa wa ile siku.

Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, mashine inabaki, Samy anaendelea kulisha watoto wake, na yeye mwenyewe anabaki na banda alilolipenda kuliko kazi yoyote. Akisema, yule aliyemvua padri msalaba ataonekana mnafiki. Ni rahisi kusema ukweli ukiwa unamkata mwenzako. Ukikukata wewe ndipo unapojulikana. Hakula mchana ule. Vijana walipotawanyika alimfuata Ghislain ofisini.

"Papa Ghislain, ule mufuko usiuamini."

"Juu ya nini, Mama?"

"Siku ile nilikuwa na pete ku kidole. Alphonse alikuwa hajarudi, sikuweza kuivua. Nilishika lile jiwe na hii mikono."

Ghislain akaiweka karatasi mezani polepole. "Mama, kama ungenyamaza, hakuna muntu angejua."

"Wangetoboa tena na tena, wakatafuta pete yangu mu mulima. Nusu ingine iko mu sanduku. Tuipeleke. Lakini mimi sitaigusa."

Walifanya hivyo. Ghislain mwenyewe ndiye aliyejaza mfuko, na Emilie alisimama nje ya banda, mikono nyuma. Majibu ya pili yalikuwa maskini kama ya mashimo mengine. Mlima ule haukuwa na dhahabu ya kuchimba.

Mashine ikapakiwa. Samy, siku ya kuondoka, alipita mbele ya Emilie bila kumsalimia, akafika barabarani, akasita, akarudi kumpa mkono. "Ulituvua wote, Mama, na wewe ukajivua," alisema, akaenda zake. Nimesikia watu wakimwita mjinga kwa alichofanya. Waseme. Kwangu mimi mji huu haujazaa watu wengi wa namna hiyo.

Jioni alimsimulia Alphonse yote, kwa kuogopa, maana pete ndiyo iliyomtoa kazini na sheria ya pete ilikuwa ya kwao. Alphonse alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta mkono wa mkewe, akaiangalia ile pete kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo maabara imesema hii pete njo dhahabu ya kweli?"

"Njo dhahabu, ndiyo. Ulikuwa hujui?"

"Yule muntu wa Kigoma aliniuzia pete haraka sana," Alphonse alisema. "Tangu siku ya ndoa yetu niko naogopa kwamba nilikuvalisha shaba."

Emilie, ambaye wiki ile nzima hakuwa amelia, akalia hapo, huku akicheka.