Tomoe na Barabara za Theluji

Kuwabara Tomoe alikuwa mtu wa kuzungumza na mashine. Ofisini kwao Niigata, katika kampuni ndogo iliyopeleka habari za barabara kwenye simu za watu, wenzake walikwisha kuzoea kumsikia akiibembeleza seva, kompyuta yao kuu, kama mtoto aliyegoma kula. Alikuwa mfupi, kicheko chake kikubwa, na mezani kwake hapakukosa biskuti za mchele kwa yeyote mwenye njaa.

Mwaka ule theluji ilianguka bila adabu. Kila aliyetaka kutoka nyumbani alifungua simu kuuliza: je, njia yetu inapitika? Seva ikaanza kuhema. Jibu likawa linafika mtu amekwisha kukata tamaa.

"Tununue mashine nyingine," alisema bosi wake, Hirai.

"Bosi, mtu akikwamwa na mwiba, humnunulii koo jingine. Ngoja nitazame kwanza."

Akatazama. Taarifa ziliingia kwa XML, maandishi ambayo kila neno limebandikwa alama: hili jina la barabara, hiki kina cha theluji. Simu za siku zile kila aina ilitaka ukurasa wake, kwa hiyo seva iliyageuza maandishi hayo kwa kufuata faili la kanuni. Kumbe kila swali lilipoingia, seva ililifungua faili lile upya na kulisoma toka mwanzo hadi mwisho!

"Maskini," Tomoe aliiambia. "Nani alikufundisha kujichosha hivi?"

Akaipanga isome kanuni mara moja tu inapowashwa, kisha izishike kichwani. Kurasa zikafunguka kwa kufumba na kufumbua. Hirai akapiga makofi, Tomoe akatafuna biskuti kwa madaha.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Mama mkwe wake, Bibi Fusae, akapiga simu kutoka Tokamachi, milimani.

"Mkwe wangu, hiyo mashine yako imelewa? Nimeuliza njia ya kwetu, imeniletea ya Kashiwazaki. Mimi na magoti haya, huko pwani nikavue nini?"

Tomoe hakucheka. Je, kama mwingine angeliamini jibu lile akaendesha gari hadi kwenye njia iliyofungwa? Akamwendea Hirai.

"Bosi, nimeharibu. Turudishe ile ya zamani sasa hivi."

"Ile ya konokono?"

"Konokono anafika. Hii itapoteza watu."

Kosa lilikuwa lake. Mbali na kanuni, alikuwa amehifadhi pia mgeuzaji mmoja, yaani programu inayoyageuza maandishi kuwa ukurasa, awatumikie watu wote. Maswali mawili yakigongana, jina la mji mmoja lilipenya kwenye jibu la mwingine. Sasa akaacha kanuni ziwe za wote, maana hazibadiliki, ila kila swali likapewa mgeuzaji wake.

Safari hii hakujiamini. Aliwasimamisha wenzake wote, kila mtu na simu yake, waulize miji tofauti kwa pamoja.

"Nagaoka!"

"Ni Nagaoka kweli!"

"Sado?"

"Sado hiyo!"

Walirudia mpaka sauti zikawakauka, ndipo akaiachia seva iwajibu watu.

Theluji ikaendelea kumwagika, seva ikahimili. Asubuhi moja Bibi Fusae akapiga tena.

"Leo imesema njia ya kwetu imefungwa."

"Basi usitoke, mama."

"Nitoke wapi? Nimechungulia dirishani, hata mlango wa jirani siuoni."

"Sasa simu uliiuliza ya nini?"

"Nilitaka nione kama umefika kazini. Ikijibu sawa, najua upo."

Tomoe akaangua kicheko hadi Hirai akachungulia kutoka ofisini mwake.